Mtoto tumboni ana mguu kifundo, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa, mimi niko Ujiji, mimba ina wiki 24, juzi nimepiga altrasaundi daktari akasema mtoto mguu wa kushoto umepinda kwa ndani yani mguu kifundo. Nimelia hadi macho yamevimba, na mama mkwe nae anauliza nilimcheka nani mlemavu, jamani!! Daktari kasema unatibika, akizaliwa anafungwa hogo (ile plasta ngumu ya POP) mguuni, linabadilishwa kila wiki kama mara 5 au 6, wengine wanakatwa kidogo mshipa wa kisigino, halafu viatu vya chuma mpaka miaka 4. Sasa waliopitia hili, hospitali ya Maweni hapa Kigoma wanafunga hilo hogo au nijipange kwenda Bugando, Mwanza? Na hivyo viatu mtoto analala navyo kweli bila kusumbua?