Filamu za wanamuziki wa kujitegemea: mbona zinaficha hesabu?

Mtoa mada (Area D, Dodoma):
Wanajamvi, juzi tulitazama 24 Hour Party People, filamu ya Michael Winterbottom ya mwaka 2002, katika studio ya rafiki yangu iliyozibwa kuta kwa magodoro na trei za mayai. Inahusu Factory Records, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya Manchester, Uingereza. Kilichonigusa ni mkataba ambao mwenye lebo, Tony Wilson, anautia saini kwa damu yake: wasanii wanamiliki kazi zao zote, lebo haimiliki kitu. Lebo ilipofilisika mwaka 1992, ikawa haina cha kuuza. Filamu nyingine za aina hii hulikwepa jambo hilo. Control ya Anton Corbijn (2007), kwa uzuri wake wote wa picha nyeusi na nyeupe, inatuachia Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya Joy Division iliyokuwa chini ya lebo hiyo hiyo, na majonzi yake, kana kwamba saa za studio hazilipiwi.

Mchangiaji (Chamwino):
Ndugu mtoa mada, umechagua mifano inayokufaa. Katika Inside Llewyn Davis (2013), kisa cha New York ya 1961, msanii asiye na pa kulala anapokea dola 200 kwa kurekodi wimbo na kuachia mirabaha. Katika Once, ya Dublin, wanakopa benki ili walipie studio, kisha wanausikiliza wimbo ndani ya gari kujua kama umekaa sawa, kama sisi tunavyoujaribu kwenye spika za bajaji. Tatizo ni leo: kujitegemea sasa ni kukesha mbele ya kompyuta ukiomba bando lisikate kabla wimbo haujapanda, na sioni nani atakaa dakika 90 kulitazama hilo.

Mtoa mada:
Nakubali kuhusu bajaji. Ila hivyo viwili ni visa vya kubuni, na kisa cha kubuni hakimwogopi mtu. Anayetaka kusimulia maisha ya mwanamuziki halisi kwa nyimbo zake mwenyewe hana budi kuomba ruhusa kwa wanaozimiliki, na hao mara nyingi ndio wanaohusika na hesabu zenyewe. Mchukulieni Mgogo wetu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye albamu yake Chibite ilitolewa na lebo ya Real World ya Uingereza mwaka 1996. Atakayetengeneza filamu yake ataomba ruhusa kwa nani, na ataruhusiwa kuuliza nini?