Naomba ushauri: nyumba imebomolewa kukiwa na zuio, niende mahakama ipi Arusha?

Njiapanda: Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba ya marehemu baba ilibomolewa zuio la mahakama likiwa bado linatumika, na kesi ya msingi huahirishwa kila inapotajwa. Nasikia Arusha kuna mahakama ya haki za binadamu inayompokea mwananchi moja kwa moja. Naomba utaratibu.

Mzee wa Baraza: Mahakama ni mbili, usizichanganye. Ile ya Afrika huwezi kuifikia wewe mwenyewe, kwa sababu Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu mwananchi kuishtaki huko moja kwa moja, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2016. Ile ya Afrika Mashariki inakupokea hata kabla hujamaliza ngazi za ndani, ila uwahi ndani ya miezi miwili tangu tukio au tangu ulipolifahamu. Nyumba ilibomolewa lini?

Njiapanda: Tarehe si kubwa kuliko haki. Nakala ya zuio ninayo.

Wa Nakuru: Pole, ndugu. Kenya haijawahi kutoa tamko hilo, lakini Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walipitia Tume ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko Banjul, ikawafikishia kesi kwenye hiyo mahakama ya Afrika, wakashinda mwaka 2017 na kuamuliwa fidia mwaka 2022. Shangazi yangu ameolewa huko. Alichinja mbuzi siku ya hukumu.

Binti Tanga: Zamani wazee walikaa wakayamaliza. Ukifika Arusha, usisahau kupita Ngorongoro.

Mzee wa Baraza: Tarehe, ndugu.

Njiapanda: Mwezi wa tatu mwaka jana. Lakini anayeniandalia nyaraka, ambaye nimeshamlipa nusu, anashauri niape kwamba nilipata habari mwezi uliopita. Sioni uongo hapo, kwani wakati ule sikuijua sheria.

Mzee wa Baraza: Kulijua tukio na kuijua sheria ni mambo mawili. Mwaka 2012 ngazi ya rufani ya ile mahakama ya Afrika Mashariki ilitupa shauri la mateso ya Mlima Elgon, Kenya, kwa sababu ya muda huo huo. Rudi kwenye kesi yako, uombe waliobomoa waitwe wajieleze kwa kudharau amri ya mahakama.

Msomaji Kimya: Mzee, unahangaika bure. Zuio, mahakama mbili, ukomo wa muda na kiapo cha uongo: hili ni swali la mtihani wa sheria, na mwenzako ananakili majibu. Aweke picha ya hilo zuio, afiche majina.

Njiapanda: Siwezi kuiweka, kwa sababu kaka yangu aliyesaini kupokea fidia kwa niaba ya familia yumo humu na ataitambua.

Mzee wa Baraza: Fidia ipi tena?