Kila tukienda Matema mimi ndiye mlinzi wa simu na viatu. Naombeni ushauri

Mama Wawili wa Uyole:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 36, naishi Uyole hapa Mbeya. Kikoba chetu tuko akina mama kumi na wanne, tumekubaliana Nane Nane hii tukodi Coaster twende Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, tulale usiku mmoja, watoto ruksa. Hela nimeshatoa. Kinachonisumbua ni nguo ya kuogelea.

Hii itakuwa mara yangu ya nne kufika Matema na sijawahi kulowa kupita magoti. Kazi yangu kule inajulikana. Natandikiwa mkeka chini ya mwembe, naachiwa simu, mikoba, viatu, na safari iliyopita hadi meno ya bandia ya mama mmoja, yamefungwa kwenye leso. Wakiniuliza nasema sipendi maji. Uongo. Nimekulia Rungwe, mtoni tulikuwa tunajitupa kutoka juu ya jiwe tangu hatujaanza shule.

Sababu ni hizi. Nikiwa na miaka sita sufuria ya uji ilinimwagikia. Kovu linaanzia nyonga ya kulia linashuka hadi karibu na goti, ngozi imejikunja kama nailoni iliyopitiwa na moto. Mume wangu hana shida nalo, na mimi nikiwa ndani ya gauni nalisahau kabisa. Halafu mwaka 2019 tulikwenda na watu wa kazini kwenye bwawa la hoteli moja, nikajikaza nikavaa. Jamaa mmoja akanipiga picha kwa nyuma wakati natoka majini, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: "Kiboko katoka Kyela." Watu wakaweka vicheko. Na mimi nikaweka kicheko, nisionekane nimeumia. Tangu siku hiyo sijavaa.

Sasa juzi nimemsikia binti yangu wa miaka minane akimweleza rafiki yake habari za safari. "Mama haogelei, yeye analinda."

Nguo ninayo, nimenunua Mwanjelwa, nyeusi, kipande kimoja. Usiku nafunga mlango, naivaa, najitazama, naivua. Maji siyaogopi. Naogopa zile hatua kutoka mkekani hadi majini. Nifanyeje? Wenye kejeli naomba mpite kimya kimya.

Kijana wa Soweto:
Siti ya mbele nimeshakaa. Dada ingia na dera lako, kwani kuna askari?

Muuza Mtumba SIDO:
Wewe kijana usimuue mama wa watu. Dera ni pamba, pamba inakunywa maji. Ukiingia nalo linajaa hewa linapanda usoni kama mwavuli uliopinduka, ukitaka kutoka limekuwa zito na limekuganda mwili mzima, kila alichotaka kuficha kinachoreka. Hapo ndipo watu wanageuka kuangalia. Na kwenye mabwawa mengi ya hoteli hawakuruhusu kuingia na nguo ya pamba.

Mama Wawili, nauza hizi nguo mwaka wa tisa, nisikilize. Rudi sokoni siku wanapofungua belo, uliza kaptura ya likra inayofika gotini, zile za waendesha baiskeli au za wanaokimbia. Vaa juu ya hiyo nyeusi yako. Kovu limefunikwa, na mapaja hayasuguani ukitembea na mchanga, jambo ambalo wembamba hawalijui. Kabla hujalipa ivute kwenye paja uiachie. Ikirudi haraka, mpira bado mzima. Ikirudi polepole kama mtu aliyeamshwa, iache, majini itakushuka. Kisha inyooshe kwa mikono miwili uitazame kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili na watu wataona. Nyeupe usiguse hata kama ni ya bure.

Ukitoka ziwani isuuze kwa maji safi, ianike kivulini. Jiki marufuku, pasi marufuku.

Mzee wa Busara Zake:
Mke wa mtu, mama wa watoto wawili, anatafuta ushauri wa kukaa uchi mbele za watu. Mila zetu zimekwenda wapi? Bibi zetu walivaa hayo?

Mwana Kyela Original:
Mzee, shikamoo, lakini mila zipi hizo? Mimi nimezaliwa Ipinda. Kule ziwani akina mama wanaoga kila jioni, kanga imefungwa kifuani, wengine wamefunga kiunoni tu, wanafua, wanasugua masufuria, wanapiga soga, na wavuvi wanapita na nyavu zao hakuna anayegeuza shingo. Bibi yangu mimi ameoga hivyo mpaka uzeeni. Wanaokodoa macho ni wageni wanaokuja na magari wikiendi, tena wamevaa miwani ya jua wakidhani hatuoni wanakotazama.

Dada, karibu nyumbani. Ukifika omba samaki mbasa wa kuchoma, achana na kuku, kuku mmeacha Mbeya.

Mzee wa Busara Zake:
Mimi nimesema langu.

Mwalimu wa Bwawa, Iringa:
Nafundisha watu wazima kuogelea, wengi wao wanawake wa umri wako. Kati ya kumi wanaojiandikisha, wawili watatu hulipa kabisa kisha hawatokei, na ukiwapigia simu utaambiwa mafua. Hakuna mafua. Ni hizo hatua zako. Mmoja alikaa pembeni ya bwawa na koti la baridi kwa vipindi vitatu, nikamwacha. Cha nne alikuja kabla sijafungua geti. Nilipofika na funguo akaniambia, "Mwalimu, leo hamna mtu, twende."

Kwa hiyo usisubiri kundi zima lichangamke ndipo unyanyuke mkekani, hapo umejiwekea jukwaa mwenyewe. Nenda alfajiri, jua likianza kutoka. Vaa nguo ya kuogelea tangu chumbani, juu funga kanga. Tembea na kanga hadi maji yakufike magotini, hapo ndipo uifungue, mpe mtu au itupe mabegani ukaloe nayo. Hatua zilizobaki ni mbili tatu, na maji yakikufika kiunoni hakuna anayejua una kovu au mkia. Mwendo uwe wa kawaida. Nimeangalia watu miaka mingi pale bwawani: anayetazamwa sana ni yule anayejivuta nguo kila hatua.

Kuna faida nyingine ya asubuhi. Mwezi wa nane upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mwa ziwa, unasukuma maji kuja huku kwetu, na mchana Matema inaweza kuwa na mawimbi ya kuangusha mtu mzima. Asubuhi mara nyingi kumetulia. Usiende upande wa milima ya Livingstone, mlima ule unaingia ziwani wima na kina kinakuja ghafla. Na maji ya ziwa hayana chumvi, hayakubebi kama bahari ya Dar. Ulijitupa mtoni ukiwa mtoto, sawa, lakini hiyo ni miaka thelathini iliyopita, anza penye kina kifupi.

Nesi Asiyelala:
Naongezea la afya halafu nalala, nimetoka zamu. Ziwa Nyasa lina kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kaeni kwenye mchanga mweupe mbali na matete, na midomoni mwa mito msikaribie kabisa, huko kuna mamba. Mkirudi, baada ya wiki sita hadi nane nenda ukapime pamoja na watoto. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza siku ya pili baada ya safari unajidanganya.

Ummu Iringa:
Dada yangu, mimi navaa burkini mwaka wa tano sasa. Wengi wanadhani ni baibui la kuogelea, hapana, kitambaa ni kilekile cha nguo yako, tofauti ni mikono mirefu, suruali na kofia. Aliyeitengeneza ni mama wa Australia mwenye asili ya Lebanon, Aheda Zanetti, mwaka 2004. Mara ya kwanza kuivaa kwenye bwawa moja, msimamizi alinisimamisha getini, eti vua hiyo, vaa kama wenzako. Nikamshikisha kitambaa akipapase. Akapapasa, akaita mwenzake naye akapapasa, nikaingia.

Wanachekesha lakini. Mwaka 2016 kule Ufaransa mameya wa miji kadhaa ya pwani waliipiga marufuku, hadi mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikalisimamisha katazo la mji mmoja. Kule mwanamke anaambiwa amejifunika mno, hapa Mzee wa Busara anasema uchi. Wewe vaa unachoweza kutembea nacho.

Baba Tunu:
Mimi mwanaume. Nina kifua kama cha msichana wa darasa la saba tangu balehe. Miaka yote naogelea na fulana, nikiulizwa nasema jua linaniunguza. Mimi, mweusi wa Mbozi, jua linaniunguza. Nimesoma huu uzi wote nimejiona.

Kijana wa Soweto:
Mkuu umenimaliza na hiyo ya jua 😂 Ila pole.

Katibu Mstaafu:
Watu wote mmeongelea kitambaa, hamjagusa ile picha. Kwangu mimi kovu halikumtoa majini huyu mama, mbona aliogelea nalo utotoni? Kilichomtoa ni simu ya mtu.

Mama Wawili, kabla ya safari zungumza na mwenyekiti wa kikoba, siyo kwenye grupu, pembeni. Mwambie iwekwe kama kanuni ya safari: picha za majini haziendi kwenye grupu wala stetasi mpaka wote walioonekana wakubali, atakayekiuka analipa faini kama ya kuchelewa kikao. Huna haja ya kueleza sababu. Utashangaa wangapi watashukuru, kila mtu ana picha yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha unyanyasaji, lakini faini ya kikoba inaogopwa zaidi.

Mama Wawili wa Uyole:
Katibu, umenigusa pabaya. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimeshuka kituo siyo changu.

Muuza Mtumba, kaptura nimepata, elfu nne, ya bluu iliyokoza. Nimeivuta pale mbele ya muuzaji hadi akaniuliza kama nanunua au nampima. Nitaleta mrejesho.

Mama Wawili wa Uyole (mrejesho):
Wakuu, tumerudi jana usiku. Tukuyu mvua, Kyela joto, yaani tulivua masweta humo humo garini.

Mwenyekiti nilimwendea. Kabla sijamaliza alinijibu, "Iandike, na faini iwe elfu kumi." Kumbe naye ana lake. Sikumuuliza.

Nilifuata ya Mwalimu. Saa kumi na mbili na nusu, wenzangu wamelala, nikamwamsha binti yangu, kanga juu, kaptura ndani. Pale kwenye mchanga miguu iligoma kabisa, nikasimama kama nangoja gari. Ukapita mtumbwi wa Wakisi, wale wafinyanzi wa kule ziwani, umepakia vyungu, mama mmoja akanisalimia, "Ugonile!" akaniuliza kama maji ni ya baridi. Nikaona aibu kusema sijui. Nikaingia nikayaonje ili nimjibu. Nilipomjibu maji yalikuwa kiunoni, na kanga ameshika mtoto.

Msidhani basi nikawa jasiri. Saa nne kundi lilipotoka nilirudi mkekani, nikakaa na simu. Nimekaa labda nusu saa. Binti akaja kunivuta mkono, nikaenda. Kaptura ilikuwa imepanda kidogo, nikawa naivuta kila hatua, kosa lile lile mwalimu alilosema. Mtoto mmoja wa pale akaliona kovu, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote: "Ulikamatwa na mamba?"

Sijui ilitoka wapi, nikamwambia ndiyo.

Tangu hapo nilikuwa na watoto kama kumi nyuma yangu hadi jioni. Mamba mkubwa kiasi gani, ulimpiga na nini, alikuwa dume au jike. Binti yangu ndiye aliyekuwa anajibu, mimi nilikuwa naogelea. Mamba ameshafika mita tano.

Simu walimwachia mama wa meno ya bandia. Akasinzia. Moja haijaonekana mpaka sasa.

Mwana Kyela Original:
Mbasa mlikula?

Kijana wa Soweto:
Simu aina gani?