Rau Nyumbani: Kitunguu anakuja Jumamosi

JUMANNE

18:42 Mama Glory: Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Narudia maana jana niliandika, nikaona tiki za bluu kumi na moja na jibu moja la Doto, tena la kicheko. Kitunguu, sungura wa Glory, anakuja Rau Jumamosi. Mimi Dodoma naripoti tarehe 1, na nyumba niliyopata mwenyewe ana mbwa wawili.

18:44 Mama Glory: Na SIYO sungura wa banda. Amekulia ndani, anazunguka sebuleni kama mtu. Mkimfungia nje kwenye banda la waya, siafu wakipita usiku asubuhi mtaokota manyoya. Na ule waya wa chini unamchubua nyayo mpaka vidonda.

18:45 Doto: Ma'mkubwa nauliza tu, anakuja na ndizi zake au ndizi zipo huku 😂

18:45 Mama Glory: Doto koma.

18:51 Mama Brayton: 🙏

18:53 Mama Glory: Wifi, hiyo mikono ni ndiyo au ni amina?

19:10 Mama Glory: Haya. Nimewaza chumba cha nyuma. Dirisha lake liko upande wa migomba, jua la mchana halikipigi. Joto la Moshi Januari mnalijua. Yeye hatoki jasho kama sisi, joto analitolea kwenye masikio, likizidi nyuzi 28 hivi anaanza kuhema, likiendelea mnamzika. Kwa hiyo asiwekwe kibarazani chini ya bati.

19:12 Mama Glory: Janeth pima sakafu. Sementi ile inateleza, na yeye chini ya miguu ana manyoya tu, hana pa kushikia. Mkeka wa ukindu, au lile zulia kuukuu. Akiutafuna mkeka mwacheni. Meno yake hayaachi kukua, lazima atafune kitu, na msipompa atachagua mwenyewe. Atachagua waya wa friji.

19:20 Janeth: Sawa shangazi. Ila chumba kina magunia ya mahindi na baiskeli ya babu.

19:21 Mama Glory: Magunia yaende stoo. Baiskeli itundikwe. Godi upo?

19:58 Kaka Godi: Niko kwenye foleni Ubungo. Endeleeni.

20:03 Mama Glory: Tunaendelea na nani? Haya, vinavyotakiwa: paipu za fundi umeme za kuvalisha nyaya, marobota mawili ya hei (yale majani makavu), boksi kubwa la kujifichia lenye milango miwili, na beseni pana la choo. Choo anakijua. Beseni linakaa kwenye kona anayoichagua yeye, siyo unayoitaka wewe. Ndani magazeti ya zamani, juu hei. Msimwekee maranda ya seremala.

20:05 Doto: Kumbe naye anakaa chooni na gazeti kama mjomba Godi

20:05 Mama Brayton: 😂😂😂😂

20:06 Mama Glory: Wifi kumbe upo.

20:09 Kaka Godi: Doto nimekuona.

20:14 Mama Glory: Chakula ni hei, usiku na mchana isimwishie. Mchicha kidogo sawa. Karoti kipande tu, ni sukari ile. Majani ya parachichi HAPANA, na mparachichi umeinamia mlangoni, kwa hiyo Janeth utafagia kila asubuhi. Masale ya mpakani asiyafikie. Na akigoma kula nusu siku tu, mpigieni afisa mifugo saa hiyohiyo, msingoje kesho. Hawezi kutapika huyu, tumbo likisimama ndiyo basi. Na mtu asijitie udaktari akampa amoksilini. Kwa mdomo inamuua.

20:16 Doto: Bibi anaponya kila kitu kwa amoksilini 😭

20:16 Mama Glory: Ndiyo maana naandika.

21:37 Elia: Chumba cha nyuma.

21:38 Elia: Kumbe magunia yanahamishika.

21:38 Elia: *Ujumbe huu umefutwa*

21:40 Mama Glory: Elia tusianze.

21:44 Elia: Sijaanza dada, nauliza. 2021 nimetoka Mirerani na begi moja, nikaambiwa chumba kimejaa mahindi. Nimelala Pasua kwenye kochi la watu miezi minne. Hakuna aliyenipimia sakafu.

21:45 Doto: Mjomba wewe hutafuni waya 😅

21:45 Elia: Doto siyo sasa.

21:52 Kaka Godi: Lile tulilimaliza kwenye kikao cha Krismasi.

21:53 Elia: Mlilimaliza nyie. Mimi nilikuwa nje nachoma nyama yenu.

21:55 Kaka Godi: Kitinda mimba na nyumba yake ya urithi aisee.

21:55 Elia: Nani ametaja nyumba? Nimetaja chumba.

22:01 Mama Brayton: Jamani Glory atalia. Kwani hawezi kupelekwa Kibosho shambani?

22:02 Mama Glory: Kibosho kuna vicheche, wifi. Utamjibu wewe huyo mtoto?

22:20 Mama Glory: Na hela mpaka sasa nimepokea elfu 5 ya Janeth. Mwanafunzi! Wenye mishahara mnasoma tu.

JUMATANO

06:12 Janeth: Shikamooni. Bibi alinisikia nacheka nikamsomea yote. Amesema niandike hivihivi nisipunguze.

06:15 Janeth: "Magunia yalikuwa mawili. Chumba hakikujaa. Nilisema kimejaa kwa sababu ya ile pikipiki ya baba yenu, nilikuwa na hasira, dada yake Happy hahusiki wala Godi hahusiki. Elia aje achukue ufunguo. Kama anataka nimpelekee jani la sale la kuomba radhi mpaka huko Pasua, nitampelekea, miguu bado ninayo. Huyo sungura atakaa sebuleni na mimi. Usingizi wenyewe siku hizi sina."

09:40 Mama Glory: Shikamoo mama.

09:52 Janeth: Anasema marahaba.

11:03 Mama Glory: Sawa. Sebuleni basi. Ila huko kuna waya wa TV, wa friji, wa redio ya mama na chaja tatu za Janeth. Paipu zinatakiwa mara mbili ya nilizopiga hesabu. Na nyuma ya kabati pazibwe, akiingia huko hatoki. Godi?

11:30 Kaka Godi: 👍

11:30 Mama Glory: 👍 ya shilingi ngapi?

13:15 Mama Brayton: Samahani nilikuwa kazini. Na kubebwa je? Akina Brayton wanakuja Krismasi, na huyu wa mwisho anamkumbatia hata kuku.

13:21 Mama Glory: Masikio yasiguswe. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Akirusha miguu kwa nguvu anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Bora wakae chini sakafuni watulie, atakuja kuwanusa.

13:22 Doto: Brayton kutulia 💀

16:48 Elia: Paipu ninazo. Zilibaki kwenye kazi ya Majengo, mita 12 hivi.

16:49 Mama Glory: Asante sana mdogo wangu. Unazileta lini?

17:30 Mama Glory: Elia?

19:05 Janeth: Shangazi, bibi anauliza Kitunguu analala saa ngapi. Na anauliza ba'mdogo anakuja na paipu tu au na begi pia.

19:11 Mama Glory: Mwambie mchana analala, alfajiri na magharibi ndiyo anachangamka. Hilo la pili amuulize mwenyewe. Na beseni bado halina mtu.