Tupeane uzoefu: umeizoeaje pakiti ya taroti isiyofanana na nyingine?

MKAZI WA KISASA (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wadau wa Dodoma na kanda nzima ya kati. Tunaopenda karata za taroti, zile za picha ambazo wengi huzitumia kubashiria, huku kwetu tuko wachache, na wengi wetu tulijifunzia pakiti ileile iliyotoka London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite. Karata 78: kubwa 22 zenye majina kama Nguvu, Mnara na Kifo (namba 13), na ndogo 56 za aina nne, yaani vikombe, sarafu, fimbo na mapanga. Uzuri wake ni kwamba hata karata ndogo zina visa: mtu kalala kifudifudi na mapanga kumi mgongoni, mtu kajiinamia mbele ya vikombe vilivyomwagika. Picha inakusimulia nusu ya habari kabla hujafungua kitabu.

Sasa siku ukipata pakiti isiyo na mtu hata mmoja, au isiyo na pembe nne, au ambayo namba 13 si Kifo, unaanzia wapi? Hicho ndicho ninachotaka tusimuliane.

Ombi moja kabla hatujaendelea: ramli chonganishi isiingie hapa. Tunakumbuka serikali ilivyopiga marufuku wapiga ramli wa aina hiyo mwaka 2015, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Damu imemwagika kwa sababu mtu alitajiwa jina la jirani yake. Anayetaka kujua nani kamroga, uzi huu si wake.

Naanza mimi. Pakiti yangu ni The Wild Unknown ya Kim Krans wa Marekani. Ni wanyama, miti na mistari ya wino mweusi, rangi kidogo hapa na pale. Hakuna mfalme wala malkia. Mahali pao kuna familia nne, kila moja ina Baba, Mama, Mwana na Binti. Vikombe ni ndege wa maji wenye shingo ndefu, sarafu ni paa, fimbo ni nyoka. Mapanga ni bundi.

Bundi, jamani. Wanne, wanakukazia macho. Mama yangu mzazi alipomwona mmoja mezani alichukua bakuli akamfunika, akaendelea kuchambua mchicha bila kusema neno. Sikumlaumu. Kwetu bundi akilia juu ya bati usiku, watu wanaanza kuulizana nani anaumwa. Mchoraji hakukusudia hivyo. Kwake mapanga ni mambo ya akili na maneno, na bundi anafaa kabisa: anaona gizani, anaruka bila kelele, hakosei shabaha. Nimesoma nikaelewa. Ila sikukubali kuutupa woga wetu kana kwamba ni ujinga. Bundi akitoka nasema yote mawili, akili kali, na habari ambayo nyumba nzima inaogopa kuisikia. Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo inayomgusa mtu aliyekaa mbele yangu.

Namna nilivyoizoea: karata moja asubuhi kabla ya kazi, kitabu kimefungwa. Kwenye daftari naandika ninachokiona tu. Mnyama anatazama upande gani? Rangi iko wapi? Mistari inapanda au inashuka? Jioni ndipo nafungua kitabu. Kuna karata ambazo mpaka leo daftari langu na kitabu havijapatana, na nimeziacha hivyohivyo.

Haya, karibuni.

MHITIMU WA UDOM

Mkuu asante kwa uzi. Mimi yangu ni Thoth, na nitasema wazi kwamba hii pakiti haina huruma kwa anayeanza. Lady Frieda Harris aliichora kati ya 1938 na 1943 kwa maelekezo ya Aleister Crowley. Ilikuja kuchapwa kama karata mwaka 1969, wote wawili wakiwa wameshafariki. Mfalme hayumo. Kuna Shujaa juu ya farasi, Malkia, Mwana wa Mfalme na Binti wa Mfalme. Nguvu imegeuka Tamaa, Kiasi imegeuka Sanaa. Halafu ukitoka kwenye pakiti ya 1909 unakuta namba zimepishana: kule Nguvu ni ya 8 na Haki ni ya 11, huku ni kinyume.

Kilichonitesa zaidi ni maneno. Karata ndogo zimeandikwa neno moja chini: Huzuni, Ukatili, Maangamizi. Nilikuwa hosteli tukisubiri matokeo ya semesta, nikavuta saba ya sarafu, nikakuta imeandikwa Kushindwa. Mwenzangu wa kitanda cha juu alishuka, akaisoma, akapanda tena kimya.

Nikakata vipande vya karatasi, nikafunika maneno kwenye karata zote ndogo, nikakaa nazo hivyo muhula mzima. Hapo ndipo picha zilianza kusema. Ile saba, bila neno, ni sarafu nzito za rangi ya risasi juu ya majani meusi. Hakuna kinachosogea. Mimi naiona kama kazi iliyokwama kwa sababu imebebeshwa uzito kupita kiasi, na mzigo unaweza kupunguzwa. Neno Kushindwa linafunga mlango ambao picha imeuacha wazi. Hayo ni maoni yangu na najua wapo wapenzi wa Thoth watakaonipinga.

KIJIWE CHA MAKOLE

Wadau salaam. Mimi ni Muislamu, ramli kwangu ni haramu na sipigi. Lakini msidhani taroti ni utabiri tu. Karata hizi zilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo, na Ufaransa mpaka leo watu wanazicheza mezani. Binamu yangu alirudi likizo na pakiti ya huko, tukaifungua kijiweni baada ya laasiri.

Shupaza, kopa, uru na pau zote zipo, kila moja ina karata 14 kwa sababu kuna mpanda farasi kaongezwa kati ya ghulamu na malkia. Halafu kuna turufu 21 za kudumu, na moja ya pembeni inayoitwa Udhuru, unaitupa pale usipotaka kufuata aina iliyochezwa. Anayejua pakiti za kubashiria atashangaa akitazama hizo turufu. Hakuna Mnara wala Shetani. Ni maisha ya watu, kila karata picha mbili, moja kila upande. Namba 2 hadi 5 ni utoto mpaka uzee. 6 hadi 9 ni asubuhi mpaka usiku. Ile 13 inayotisha watu kwingine, hapa ni watu wanafanya manunuzi. 16 hadi 19 ni majira manne ya mwaka, na 20 ni mchezo wenyewe.

Watu wanne, kila mmoja anapata 18, sita zinabaki katikati na zinaitwa mbwa. Anayechukua mchezo anacheza peke yake dhidi ya watatu. Utamu uko kwenye pointi. Zote ni 91, ila unazohitaji zinategemea umemaliza na ngapi kati ya karata tatu: turufu 1, turufu 21 na Udhuru. Ukiwa nazo tatu unahitaji 36 tu. Mbili, 41. Moja, 51. Huna hata moja, 56. Basi ile turufu 1, dhaifu kuliko zote, inawindwa mezani mpaka watu wanasimama. Mzee mmoja hapa kijiweni, dereva mstaafu, anaificha mpaka raundi za mwishomwisho na uso hauonyeshi chochote.

Hatuwekeani pesa. Na ningependa wanaobashiri wajaribu kucheza. Ukishaiokoa turufu 1 mara kadhaa, unaijua karata ile kwa namna ambayo kitabu hakikupi.

MAMA WA NKUHUNGU

Mimi nina Motherpeace, ya Vicki Noble na Karen Vogel wa California, ilitoka 1981. Karata zake ni duara. Mkononi hazishikiki kama karata nyingine, kuzichanga kwa kawaida usijaribu. Natandika khanga sakafuni nazizungusha kwa viganja viwili kama mtu anayetandaza ulezi juani. Vumbi la Julai huku Nkuhungu mnalijua, kwa hiyo madirisha nafunga kwanza.

Duara limenifundisha jambo moja kubwa. Karata ya pembe nne imesimama au imepinduka, basi. Hii inaweza kuegemea kulia au kushoto, kidogo au sana. Mambo ya watu yako hivyo. Mimi ni nesi, naona wagonjwa kila siku ambao si wazima wala si wa kulazwa.

Tuna kikundi chetu cha akina mama, tukimaliza mahesabu ya hisa kila mmoja anachagua picha moja anaeleza anachokiona. Hatutabiriani. Mama aliyekuwa haongei kikundini aliongea kuhusu mtoto wake kwa sababu ya picha, na tulinyamaza tukamsikiliza mpaka akamaliza.

MSOMAJI WA AREA D

Nawaheshimu wote, ila mimi Mkristo na naona mnachezea mlango msioujua. Nimesoma kwa nia njema.

MKAZI WA KISASA

Ndugu yangu wa Area D, asante kwa kusema kwa staha. Mama yangu ana msimamo kama wako na tunakula meza moja. Karibu ubaki usome.

MWALIMU WA KONDOA

Habari zenu. Mimi sikununua, naichora. Nina karata kubwa tu, zile 22, kwenye karatasi ya manila. Nikimaliza nitazipeleka kwa wale wa kutoa kopi mjini wakazitie plastiki.

Nilianza baada ya kwenda na wageni kwenye michoro ya mwambani kule Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wale watu wembamba wa rangi nyekundu, wana vichwa vya ajabu, hakuna ajuaye walikuwa wanasema nini, na bado wazee wetu wanapanda kule kutambika. Nikajiuliza kwa nini nihangaike na wafalme wa Ulaya.

Nilizokwisha maliza ninazozipenda: Nguvu ni mama wa Kigogo anapiga muheme, ngoma kaibana magotini, shingo imenyooka. Kifo ni mbuyu wa kiangazi, umepukutika majani yote, unaonekana umekufa na kila mtu hapa anajua mvua ya kwanza itaufanya nini. Aliyening'inizwa alinisumbua sana, maana picha ya mtu kaning'inia mguu mmoja ingewatia watoto hofu. Nikamweka popo chini ya tawi la mbuyu. Maua ya mbuyu yanafunguka usiku na popo ndio wanaoyachavusha. Kichwa chini, giza totoro, na ubuyu wote tunaokula unapitia kwake. Hapo niliridhika kabisa.

Mnara ndio sijapata. Huku Kondoa hatuna mnara wa kuanguka ambao kila mtu anaujua. Nisaidieni.

MHITIMU WA UDOM

Shikamoo mwalimu. Kichuguu. Kile kirefu, kimebomolewa usiku na mhanga.

MWALIMU WA KONDOA

Marahaba kijana. Kwenye picha ya 1909 kuna watu wawili wanaanguka kutoka juu. Hao nawafanyaje?

KIJIWE CHA MAKOLE

Mwalimu, weka kumbikumbi. Kichuguu kimepasuka, mvua imenyesha, wao wanatoka kwa mbawa.

MAMA WA NKUHUNGU

Kumbikumbi hawaanguki, wanaruka. Hiyo itakuwa karata nyingine kabisa. Weka mchwa, tena wabebe mayai.

MKAZI WA KISASA

Mimi naungana na Mama wa Nkuhungu kuhusu mchwa, ila mhanga mwenyewe asionekane. Weka alama za kucha tu. Mwalimu ukimaliza tuwekee picha, na wengine ambao hamjasimulia, zamu yenu.