Namna ya kukadiria bei ya kukarabati mashua kuukuu

Mwana wa Fundi, Kisumu

Salamu wanajamvi. Baba yangu ameunda mashua za mbao hapa ufuoni Dunga tangu nikiwa mtoto, na sasa mimi na ndugu yangu ndio tunaoshika msumeno huku yeye akizungumza na wateja. Mashua mpya haitusumbui, kwa kuwa mbao, misumari na siku za kazi vinahesabika mapema. Kinachotutia hasara ni ukarabati. Mwezi uliopita mvuvi wa omena alileta mashua iliyokuwa ikivuja "kidogo tu" karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima, na baba, kwa kumstahi mteja wa miaka mingi, akamtajia bei papo hapo. Tulipobandua ubao wa kwanza tulikuta mataruma manne, yaani mbavu za ndani zinazoshikilia mbao, yameoza kiasi cha kumeguka kwa vidole, na kazi ya siku tatu ikawa ya wiki mbili kwa malipo yale yale. Wenzetu hupangaje bei, na nimwambieje mzee bila kumvunjia heshima?

Fundi Mstaafu, Usenge

Mwanangu, bei haitajwi kabla mashua haijapandishwa nchi kavu, ikakauka na kuchokonolewa. Sisi tulikuwa tukiilaza kiubavu kwa siku kadhaa, kisha tukapitisha ncha ya kisu penye kila msumari. Ukiona doa jeusi limezunguka kichwa cha msumari, jua kwamba kutu imeanza kuula ubao, hata kama rangi ya juu ingali inang'aa. Ziwani hatuna wale wadudu wanaotoboa vyombo vya baharini kule Lamu. Adui wetu ni maji ya mvua yanayotuama ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, kwa hiyo chunguza ndani kuliko nje. Mtoze mteja ada ndogo ya uchunguzi, nawe uikate kwenye bei akikubali kazi.

Mshika Daftari, Mbita

Kwa heshima zote, mzee wangu, ada hiyo huku kwetu ingewapeleka wateja kwa fundi wa pili. Mimi ndiye ninayeandika hesabu za karakana ya mume wangu, na tunachoandika ni ujira wa siku na bei ya mbao kwa futi, pamoja na kikomo: gharama ikikifikia, kazi inasimama na mwenye mashua anaitwa auone uozo kwa macho yake kabla ubao mwingine haujabanduliwa. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ndiyo iliyotufunza, kwani mbao zilipanda bei tukiwa tumekwisha kuahidi. Kuhusu baba, usimkosoe. Mwombe yeye mwenyewe akague kila mashua, kwa sababu jicho lake linawashinda nyote wawili.

Mwana wa Fundi, Kisumu

Ninawashukuru. Nimemsomea mzee majibu yote mawili, akacheka kwa lile la jicho. Leo asubuhi mteja yule yule amerudi na mashua inayovuja upande wa tezi, yaani nyuma, na kabla sijasema neno baba ameniagiza nimletee kisu.