Re: Vifaa vya kumsaidia mama aliyepata kiharusi

Assalaam aleikum ndugu zangu,
Mama, tunayeishi naye hapa Leicester, alipata kiharusi, na upande wa kulia umelegea. Ametoka hospitali. Hataki nimwogeshe wala nimvishe, anataka ajifanyie mwenyewe. Vifaa gani vitamfaa, na vinapatikanaje?

---

Waaleikum salaam dada, pole kwa kuuguza.

Kabla hujanunua, piga simu halmashauri, kitengo cha huduma za watu wazima, uombe tathmini ya OT (occupational therapist), yaani mtaalamu anayemsaidia mgonjwa aweze kujifanyia shughuli zake za kila siku. Hapa England, chini ya Sheria ya Huduma ya 2014, vifaa anavyothibitika kuvihitaji havilipiwi, wala marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000, kama vishikio vya ukutani.

OT akija, mweleze mama anavyoishi hasa, hata kama unaona haya. Sisi mkono wa kulia ni wa kula, wa kushoto wa kustanjia. Sasa umebaki wa kushoto kwa yote mawili. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na nimewaona wanaoacha kukaa na wenzao kwenye sinia kwa sababu hiyo tu, wala hawasemi. Kama bega la kulia lina nguvu kidogo, ulizia mkanda wa kiganjani unaoshika kijiko. Vidole visipokunja, mkono bado unafika mdomoni. Chooni, ulizia kiti kinachorusha maji chenyewe, ili asihangaike na kopo huku akitafuta pa kujishikilia. Akiletewa kiti cha kuinulia choo, kijaribuni kwanza kwa maji, vingine huvujisha pembeni.

Kuoga: kiti chenye mgongo na sponji ya mpini mrefu. Kuvaa: mkono dhaifu uingie kwanza, wakati wa kuvua utoke mwisho. Dera lenye mikono mipana litampa raha kuliko blauzi ya vifungo.

Nakusihi, usimwekee vishikio vya kubandika kwa mpira wa kunyonya. Vinabanduka mtu akivielemea.

---

Shangazi amesema kweli. Niongeze: mkinunua wenyewe kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya walemavu, mwambieni muuzaji kabla ya kulipa. Mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu hujaza tamko na halipi VAT. Na udhu, dada, anaweza kuuchukua akiwa ameketi kitini, ukimwagia maji wewe.